Nasaha kwa Mwenye Mimba ya Kwanza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mngu, aliyemuumba binadamu kwa tone la maji, akamtuliza katika tumbo la mama, akamlea gizani pasipo mkono wa mtu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Khabari ya kijitabu hiki ni mwanamke aliyeshika mimba yake ya kwanza, naye yumo katika miezi mitatu ya mwanzo. Na khofu impatayo, na mambo yampasayo kuyabadili katika kula kwake na kulala kwake na ibada yake. Wanaume wengi huyaona mambo haya kuwa ni ya jikoni, na wanawake wengi huyaonea haya. Na baina ya dharau na haya, watu huangamia. Nayo ni katika dini khasa, kwani kuhifadhi nafsi na kuhifadhi kizazi ni katika makusudio matano ambayo sharia yote imesimama juu yake.

MFANO

Na uwekwe hapa mfano mmoja. Si wa mtu mmoja, bali ni wa wengi, na msomaji atamjua mwenyewe katika nyumba yake.

Mwanamke kijana wa mwambao aliolewa, akahamia nyumbani kwa wakweze. Katikati ya mwezi wa Shaaban hedhi yake haikuja. Ulipoandama mwezi wa Ramadhani, kichefuchefu kilikuwa kimekwisha kumshika barabara. Asubuhi hutapika, na jioni hutapika. Hakumwambia mtu. Mumewe alimwonea haya, na mavyaa wake alimkhofu, kwani alikwisha kumsikia akisema kuwa wanawake wa zamani walibeba mimba kumi na jembe mkononi.

Akafunga. Kila alipotapika alidhani swaumu yake imebatilika, akaendelea kushinda na njaa na moyo wamwungua. Kila alipotapika baada ya kutawadha, alirudi kutawadha tena. Usiku hulala macho, akijiuliza kama mwana yu hai, na kama liko jambo alilolitenda la kumdhuru. Na juu ya yote hayo alijilaumu, akisema moyoni kuwa lau imani yake ingalikuwa kamili, asingalikhofu.

Siku ya tisa, baada ya adhuhuri, alianguka penye mtungi wa maji. Alipozindukana aliona kichwa chake kimewekwa mapajani mwa bibi mmoja wa jirani, mtu mzima, aliyewasomesha Kurani wana wa mtaa ule kwa miaka mingi.

"Nashika miguu, bibi," akasema yule kijana, akataka kuinuka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lala. Mimba ya miezi mingapi?"

Akanyamaza, kisha akalia. "Yapata miwili, bibi. Nani amekwambia?"

"Mate yako na macho yako. Kunywa maji haya."

"Nimefunga, bibi."

"Ulikuwa umefunga. Sasa niambie, waikhofia nafsi yako, au wamkhofia mwanao?"

"Nakhofia yote mawili."

"Basi kunywa. Utazilipa siku zako, wala huna fidiya. Si kauli yangu hii, ni kauli ya wanazuoni wa madhehebu yako."

Akanywa. Magharibi haijaingia, bibi akamwita mumewe yule kijana, wakamchukua hospitali. Tabibu akaona kuwa maji yamempungua sana mwilini, na damu yake ni chache. Akamlaza, akamtilia maji ya dawa kwa mshipa. Na khabari zifuatazo ni yale aliyokuwa na haja ya kuyajua tangu mwezi wa Shaaban, wala hapakuwa na mtu wa kumweleza.

FASILI YA KWANZA: KHOFU SI UPUNGUFU WA IMANI

Watu wengi hudhani kuwa mwenye kumtegemea Mwenyezi Mngu haingiwi na khofu. Dhana hii si sawa, na Kurani yenyewe yaikanusha. Katika Sura Al-Qasas imetajwa khabari ya mama yake Nabii Musa. Alipokwisha kumtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, moyo wake ulibaki mtupu kwa majonzi, hata akakaribia kuidhihirisha siri yake. Mwenyezi Mngu hakumlaumu kwa hayo, bali aliufunga moyo wake ukathibiti. Na katika Sura Maryam imeelezwa kuwa Bibi Maryam, alipopatwa na uchungu penye shina la mtende, alitamani kuwa angalikufa kabla ya siku ile. Naye ni mbora wa wanawake wa zama zake. Jawabu aliyoletewa haikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa, na tende mbivu za kula.

Na izingatiwe jawabu hiyo. Kwanza alitulizwa moyo, kisha akapewa chakula na maji. Basi mwenye kumwambia mja mzito kuwa khofu yake ni udhaifu wa dini, amemwambia neno ambalo Mola hakumwambia Maryam.

Ama kutegemea kwa haki ni kama alivyomwelekeza Mtume (s.a.w.) yule bedui aliyeuliza habari za ngamia wake: amfunge kwanza, kisha ategemee. Kwenda kwa tabibu ni kumfunga ngamia. Kula chakula chema na kulala ndani ya chandarua ni kumfunga ngamia. Kisha ndipo dua, na kusoma Kurani, na kumwachia Mwenyezi Mngu lililobaki. Ama kwenda kwa mpiga ramli kuulizia ya tumboni, huko si kutegemea wala si kufunga ngamia. Ni kumpa mwivi kamba.

Na khofu ina dawa zake nyepesi: kusema na mtu wa kuaminika, kupata usingizi wa kutosha, kutembea kidogo jua linapopunga, na kudumisha nyiradi za asubuhi na jioni. Lakini ikiwa khofu au huzuni imemkaa mwanamke kwa muda wa majuma mawili, hali wala halali, wala hana raha ya kitu, basi hiyo ni maradhi kama maradhi mengine, na tabibu aambiwe kama aambiwavyo homa. Asifichwe wala asisemwe kuwa ana wazimu.

FASILI YA PILI: KUTAPIKA, UDHU, SWALA NA SWAUMU

Kichefuchefu cha mimba changa huwapata wanawake walio wengi. Aghlabu huanza mnamo juma la 6, huzidi mnamo juma la 9, kisha hupungua baada ya mwezi wa tatu. Si dalili ya mwana kuwa mbaya, wala si hasadi ya mtu. Humfaa mwenye nacho kula kidogo kidogo mara nyingi, na kutafuna kipande cha mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani, na kuepuka harufu ya mafuta yachemkayo, na kunywa maji ya tangawizi au ya ndimu. Lakini akiwa hawezi kuzuia hata maji tumboni siku nzima, au mkojo wake umekuwa mchache na wa rangi nzito, au azunguka kichwa asimame asiweze, basi hapo si pa tangawizi tena. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Ama hukumu zake katika madhehebu ya Imamu Shafii ni hizi.

Matapishi ni najisi, basi kinywa kisukutuliwe, na nguo iliyopata ioshwe. Lakini kutapika hakutengui udhu, kwani kitenguacho udhu kwa kutoka ni kile kitokacho katika njia mbili. Yule kijana wa mfano alijitaabisha bure kutawadha mara baada ya mara.

Mwenye kufunga akishindwa na matapishi, yakatoka pasi na kutaka kwake, wala asirudishe kitu kwa kusudi, swaumu yake ni sahihi. Abatilishaye ni yule ajitapishaye kwa makusudi naye ajua.

Asiyeweza kusimama katika swala ya faradhi kwa kizunguzungu kikali, aswali kwa kukaa, na ujira wake haupungui. Asiache swala kwa sababu ya udhaifu, wala asijiangushe kwa kuona haya kukaa.

Ama swaumu, mja mzito akikhofia dhara kwa nafsi yake, au kwa nafsi yake pamoja na mwanawe, afungue, na juu yake ni kulipa siku tu. Akikhofia mwanawe peke yake, afungue, alipe siku, na kwa kila siku atoe fidiya ya mudi moja ya chakula cha watu wa mji, nayo ni baina ya gramu 600 na 750 za mchele au mfano wake, ampe fakiri au maskini. Na khofu hii hujulikana kwa dalili, kwa mazoea ya mwili wake, au kwa neno la tabibu mwaminifu. Ikithibiti dalili ya hatari, kufungua si rukhsa tu, bali huwa ni lazima, kwani Mwenyezi Mngu amekataza watu kujitupa kwa mikono yao katika maangamizo. Mwenye nguvu, asiyekhofia lolote, na afunge. Lakini asimpime mwenziwe kwa mwili wake.

FASILI YA TATU: MAMBO YA KUBADILI

La kwanza ni kwenda kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limeagiza mja mzito aonekane na watu wa tiba mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya kutimia majuma 12. Wengi hungoja tumbo lionekane, wakichelea macho ya watu. Lakini kwenda kwa mkunga si kutangaza. Mkunga ana amana ya siri. Huko hupimwa damu, na mkojo, na maradhi yanayoweza kutibiwa mama akiwahi, na mwana akaokoka.

La pili ni vidonge. Mja mzito hupewa kila siku madini ya chuma, miligramu 30 hadi 60, pamoja na asidi ya foliki miligramu 0.4. Hiyo foliki hulinda ubongo na uti wa mgongo wa mwana, na mfereji wake hufungika mnamo siku ya 28 tangu mimba kutunga, hali mama aghlabu hajajua kuwa ana mimba. Kwa hivyo bibi arusi atarajiaye kupata mwana na aanze kabla. Na asiyeanza, aanze siku ajuayo. Vidonge visinywewe kwa chai, kwani chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Bora kwa maji, au maji ya chungwa.

La tatu ni chakula. Kunde, maharage, mchicha, kisamvu, mayai yaliyoiva, dagaa, nyama iliyoiva, na matunda yaliyooshwa ni katika neema za Mwenyezi Mngu zilizo karibu na mkono. Maziwa yachemshwe. Ini lisizidishwe katika miezi hii. Na watu wa mwambao wapendao papa na wajue kuwa samaki huyo hukusanya zebaki mwilini mwake, nayo humdhuru mwana. Wale samaki wadogo. Kahawa nayo ipunguzwe.

La nne ni udongo. Wanawake wengi hupata hamu ya kula udongo, nao huuzwa madukani kwa vipande. Udongo huo huweza kuwa na mayai ya minyoo na madini yenye sumu, na watu wa tiba huukuta mara nyingi kwa wenye damu chache. Wanazuoni wa Kishafii wamesema ni haramu kuula kwa anayedhuriwa nao. Mwenye hamu hiyo asichekwe, bali apimwe damu, kwani huenda mwili wake unadai chuma.

La tano ni kuacha vidhuru: tumbaku ya namna zote, ya kuvuta na ya kutafuna, na mirungi. Na mume avutaye sigara chumbani amlisha moshi mkewe na mwanawe aliye tumboni. Ama ulevi, uharamu wake wajulikana, na dhara yake kwa mwana ni hoja juu ya hoja. Tena dawa yoyote isinywewe, ya duka wala ya miti, bila ya kumwuliza tabibu.

La sita ni malaria. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa asikae nayo nyumbani akidhani ni homa ya mimba; aende apimwe siku hiyo hiyo, amwambie tabibu kuwa ana mimba, kwani dawa zifaazo katika miezi mitatu ya mwanzo zipo.

FASILI YA NNE: DAMU, NA MIMBA ITOKAYO

Mja mzito akiona damu, asingoje. Damu kidogo hutokea na mimba ikasalimika, lakini haijulikani ila kwa kupimwa. Damu nyingi, au maumivu makali ya tumbo khasa ya upande mmoja, au kuzimia, au maumivu ya bega yasiyo na sababu, huenda ikawa ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, nayo huua kwa saa chache. Kwanza hospitali, kisha masuala ya tohara.

Ama tohara yake, kauli yenye nguvu kwa Mashafii ni kuwa mwenye mimba huweza kuwa na hedhi, damu ikitimiza masharti ya hedhi. Isipofikia kadiri ya usiku na mchana, ni istihadha. Ataosha, atafunga kitambaa, atatawadha kwa kila faradhi, ataswali. Na damu itokayo baada ya mimba kutoka, hata ikiwa ni pande la nyama, ni nifasi. Mwenye shaka amwulize mwenye kujua, asiache swala wala asiswali kwa kukisia.

Usiku ule wa hospitali yule kijana alimwuliza bibi: "Mimba hii ikitoka, nitakuwa nimeiua mimi?"

Bibi alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Yangu ya kwanza ilitoka. Miaka arobaini nalidhani ni kwa sababu nalijitwika maji ya kisimani siku ile. Wala sikumwambia mtu, hata babu yako. Mwaka jana mkunga akaniambia kuwa si maji. Nalilia kama mtoto, mjukuu wangu, nami nishakuwa mzee."

Maneno ya mkunga yule ni ya kweli. Katika kila mimba 100 zilizojulikana, baina ya 10 na 20 hutoka, na nyingi katika hizo hutoka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Karibu nusu au zaidi ya hizo za mapema, sababu yake ni hitilafu iliyoingia mwanzo kabisa, wakati wa kutunga. Si kazi za nyumba za kawaida, si kwenda safari, si kuota ndoto mbaya, si kukasirika, wala si jicho la jirani. Basi ni dhuluma kumwuliza mwanamke katika msiba huo alifanya nini. Akilia, na aachwe alie. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim, akawaeleza watu kuwa macho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhi Mola. Mwenye kukataza machozi hayo ataka kuwa mkali kuliko Mtume.

FASILI YA TANO: MUME NA MAVYAA

Mwenyezi Mngu ametaja katika Sura Luqman kuwa mama humbeba mwanawe katika udhaifu uliozidi udhaifu. Basi udhaifu huo umeandikwa katika Kitabu. Mwenye kuukanusha ndani ya nyumba yake akanusha khabari ya Mola wake. Bibi Aisha, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka. Mume wa siku hizi, akiteka maji, akapika uji, akaenda pamoja na mkewe kliniki, hajapunguza heshima yake, ameifuata sunna.

Na mavyaa na akumbuke siku zake. Wanawake wa zamani walibeba mimba kumi, ni kweli. Lakini wangapi walizikwa, na wangapi walizika, wala hawakuhesabiwa katika maneno hayo ila waliosalimika.

KHATIMA

Yule kijana alikaa hospitali siku tatu. Aliporudi, mavyaa wake alikuwa amempikia uji, naye hakusema neno. Akauweka mbele yake mchana wa Ramadhani, akafunga mlango ili watu wasione, akakaa naye mpaka akaumaliza. Mwisho wa mfungo saba akajifungua mtoto wa kike. Siku alizokula akazilipa katika Rajab na Shaaban, kidogo kidogo, kwa kadiri maziwa yake yalivyomruhusu. Na ambaye kunyonyesha kungemzuia hata Ramadhani ya pili ikaingia, angelipa baadaye, wala hapana fidiya ya kuchelewa kwa mwenye udhuru.

Basi, ewe mwanamke uliyeshika mimba ya kwanza, mwambie mtu leo. Mwambie mumeo, au mama, au mkunga. Khofu isemwayo hupungua, na khofu ifichwayo huanguka penye mtungi.

Mwenyezi Mngu awahifadhi waja wazito wote, awape wana wema na uzazi mwepesi, na awape subira njema waliofikwa na msiba. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi ttaufiq.